Mteja wa Ng'ambo Amekulipa Zaidi? Usikimbilie Kurudisha

Hebu tuseme unakaa Nakuru, unajua Kiingereza na Kihispania, na unatafsiria kampuni za nje ukiwa nyumbani. Wiki hii ni mwongozo wa mashine wa kampuni ya Uhispania, wiki ijayo mkataba wa hoteli huko Mexico. Wateja huwajui kwa sura, mnajuana kwa barua pepe tu. Matapeli wanalijua hilo vizuri.

Mchezo wao huenda hivi. Mtu anakuandikia ana maneno 4,000 ya kutafsiriwa. Mnakubaliana senti 6 za dola kwa neno, yaani dola 240. Habishani bei, wala haulizi umewahi kutafsiri nini. Kisha inakuja cheki ya dola 2,400. Eti mhasibu amekosea: toa zako, zinazobaki mtumie wakala wao kwa simu, na iwe leo leo.

Unapeleka cheki benki, baadaye unaona salio limepanda, unatuma. Shida ni kwamba cheki ya ng'ambo inaweza kukataliwa wiki kadhaa baadaye, na benki ikakata pesa zake kwako. Zile za simu zilifika papo hapo, na zikishatolewa ni vigumu sana kuzipata tena. Wengine hulipa kwa kadi ya wizi badala ya cheki. Mwenye kadi akilalamika, malipo yanarudishwa na wewe unabaki na deni.

Kwa hivyo ukilipwa zaidi, usirudishe chochote, hata ukipigiwa mara kumi. Mwambie asimamishe malipo hayo na atume upya kiasi mlichokubaliana. Mteja wa kweli hatakasirika. Pia chukua sentensi moja ya kazi aliyokutumia, uitafute kwenye intaneti. Mara nyingi utaikuta imenakiliwa mahali. Na kama anadai ni wa kampuni fulani, iandikie kampuni hiyo kupitia anwani iliyo kwenye tovuti yao wenyewe.

Umeshatuma? Usingoje asubuhi. Piga huduma kwa wateja sasa hivi ukiwa na nambari ya muamala, maana pesa zikiwa bado kwenye akaunti ya aliyepokea kuna nafasi ya kuzizuia.

Hata kwa mteja mwaminifu unaweza kupunjika. Kihispania hurefuka kuliko Kiingereza: maneno 4,000 ya Kiingereza yanaweza kutoka 4,800, na kwa senti 6 hiyo ni tofauti ya dola 48. Andikeni mapema mnahesabu maneno ya lugha gani, nani anabeba ada ya kutuma, na malipo yanakuja siku ngapi baada ya ankara. Kampuni nyingi hulipa baada ya siku 30, nyingine 60, kwa hivyo kazi ya wiki hii usiihesabie kodi ya nyumba ya mwezi huu.