Shule si Duka, Mzazi si Mnunuzi

Kila mwaka majuma ya kuandikisha watoto wa darasa la kwanza yanapokaribia, sisi makarani wa parokia hatupumziki. Baba huyu ataka cheti cha ubatizo cha mwanawe, mama yule ataka barua ya Padre. Twafungua daftari, twanakili, twapiga muhuri, nao waenda zao mbio shuleni. Vyema. Lakini cheti kikisha kupokelewa na ada ikisha kulipwa, wazazi walio wengi hawaonekani tena huko mpaka siku ya ripoti, na wengine hata siku hiyo humtuma kaka wa mtoto. Basi yafaa tuulizane: Mtoto huyu amepelekwa shule, au ametupwa shule?

Wazee wetu walivyofanya

Hapa Tanzania Kanisa na shule vilikuja pamoja. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanzisha misioni ya Bagamoyo mwaka 1868, waliwalea na kuwafundisha humo watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1928 Askofu Arthur Hinsley, mjumbe wa Baba Mtakatifu, alipokutana na maaskofu katika Dar es Salaam, aliwaambia kwamba kama nguvu zao hazitoshi kwa mambo yote mawili, heri wayaache makanisa kwanza wazitengeneze shule.

Huko vijijini shule nyingi zilianza kwa katekista mmoja, ubao mmoja na kivuli cha mti. Wanaume walikata miti na kufyatua matofali, akina mama walichota maji na kubeba nyasi za kuezekea. Paa likivuja, hakuna aliyeuliza, ‘Padre atafanya nini?’ Walipanda wenyewe juu wakaliziba, maana walijua ni paa lao.

Mwaka 1969 ilitungwa Sheria ya Elimu, na shule za misioni zilizokuwa zikipata msaada wa serikali zikawekwa chini ya serikali, ili mtoto yeyote asome pasipo kuulizwa dini yake. Miaka mingi ikapita. Kisha Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliwafungulia mlango wenye shule binafsi, na majimbo pamoja na mashirika ya watawa wakaanza tena kujenga shule za msingi.

Lakini shule hizi mpya si kama zile za kale. Nyingi zafundisha kwa Kiingereza, zaishi kwa ada, na gari lake huwachukua watoto kutoka mitaa ya mbali. Serikali ilifuta ada katika shule zake za msingi mwaka 2001, na kuanzia Januari 2016 ikaifuta mpaka kidato cha nne. Kwa hiyo mzazi aletaye mtoto kwetu amechagua mwenyewe kulipa. Hapo ndipo hatari ilipoingia. Alipaye huanza kujiona mnunuzi. Asema, ‘Nimetoa fedha yangu, nipeni Kiingereza na alama nzuri.’ Kumbe tabia njema, sala na heshima haviuzwi kwa stakabadhi.

Mama Kanisa asemaje?

Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili ulitoa tamko juu ya malezi ya Kikristu. Lafundisha wazi kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na walio wakuu. Shule yawasaidia, haishiki mahali pao. Na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 796, yawaagiza wazazi washirikiane kwa karibu na walimu. Lakini yawaagiza walimu vile vile washirikiane na wazazi na kuwasikiliza kwa moyo, tena vyama au mikutano ya wazazi ianzishwe na kuheshimiwa sana.

Hiki ni kisu chenye makali kuwili. Chamkata mzazi asiyefika, chaikata na shule isiyosikia. Mara ngapi wazazi wameitwa kikaoni, mwalimu mkuu akasema saa mbili, na wao wakapewa dakika tano za mwisho? Mara ngapi neno lenyewe lilikuwa ni mchango mpya tu? Na zile barua za Kiingereza apewazo mtoto ampelekee mama yake asiyekijua Kiingereza, mama atazijibuje? Mtu aliyealikwa hivyo hawezi kulaumiwa akikaa nyumbani. Yafaa mkutano uwe baada ya Misa ya pili siku ya Dominika, uendeshwe kwa Kiswahili, mambo ya watoto yatangulie na michango ifuate.

Mambo ya kufanya

Kwanza, baba naye aende. Katika mikutano ya shule utawaona akina mama wamejaa mabenchi, na wanaume watatu karibu na mlango. Mtoto wa kiume ataona wapi kwamba masomo ni jambo la wanaume pia? Chama cha UWAKA kingefanya kazi njema kama kingelihimiza jambo hili moja tu.

Pili, fungua madaftari. Usiseme, ‘Mimi sikusoma.’ Hata asiyejua Kiingereza aona tarehe, aona alama nyekundu, aona ukurasa uliorukwa. Mwambie mtoto akueleze kwa lugha ya nyumbani aliyojifunza leo. Akishindwa kukueleza, ujue amekariri tu, kisha mwone mwalimu wake.

Tatu, toa mikono yako. Seremala aweza kutoa Jumamosi moja kutengeneza madawati, mkulima aweza kuwaonyesha watoto namna ya kupanda miche. Mtoto aliyemwona baba yake akipigilia msumari dawati la darasa lake hatalichonga kwa kisu.

Nne, usimpeleke bweni mtoto angali mdogo kwa sababu tu una shughuli nyingi. Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa madarasa ya chini, na wazazi wengine walinung’unika. Lakini mtoto wa miaka 7 ahitaji kuuona uso wa mama yake jioni. Sala ya usiku aliyoisali pamoja na wazazi wake ataikumbuka hata uzeeni.

Watoto walio nje ya ua

Liko jambo zito kuliko hayo yote. Daftari ya ubatizo yaonyesha majina ya watoto wengi, lakini shule iliyo katika kiwanja kile kile cha kanisa yawapokea wachache tu miongoni mwao. Waliobaki hupita asubuhi kando ya ua wa shule yetu, wakienda kwingine, kwa sababu baba ni mbeba mizigo au mama ni mjane. Shule za serikali nazo zina walimu wema, wala si aibu kusoma huko. Aibu ni sisi kuwasahau. Tamko lile la mwaka 1965 lasisitiza kwamba shule ya Kikatoliki iwaangalie hasa walio maskini na waliokosa malezi ya jamaa.

Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walipokutana mwaka 1976 walizifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristu kuwa kazi ya kwanza ya uchungaji. Je, nyumba kumi au ishirini za jumuiya haziwezi kumsomesha mtoto mmoja? Zaweza. Ila zifanye kwa siri, fedha ipite kwa mhasibu wa shule, mtoto asitajwe mbele ya wenzake. Na hao wasomao shule ya serikali, siku ya somo wa shule yetu waalikwe, wale chakula kimoja na wenzao, wacheze mpira, waimbe pamoja. Nacho kipindi chao cha dini kisikose mwalimu, maana hao ni wana wa parokia hii hii.

Mkono mmoja haulei mwana. Padre peke yake hawezi, wala Sista, wala mwalimu. Basi, ndugu mzazi, mkutano ujao ukitangazwa kanisani, usiseme, ‘Ada nimekwisha lipa.’ Nenda ukaketi mbele, uulize habari za mwanao, na kabla hujaondoka uulize pia habari za mtoto wa jirani.