Kati ya Butembo na Beni, kinga nayo inahitaji njia yake

Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilometa 54 za barabara ya taifa nambari 2. Kwa mwendo wa pole wa kilometa 12 kwa saa, mtu mwenye kinga nzima angefika kwa saa nne na nusu, akipitia Maboya na Kabasha. Angekuwa na bahati ya kuteremka pia, kwa sababu Beni iko chini ya Butembo kwa mamia ya mita. Na siku mawingu yanapofunguka, upande wa mashariki huonekana milima ya Ruwenzori, ambayo kilele chake kina mita 5,109.

Lakini huku kwetu ni nani anayepanda kinga kwa kujipumzisha tu? Kinga ni chombo cha kazi. Inabeba mikungu ya ndizi, magunia ya makala, mihogo na madumu ya mafuta ya mawese. Mlima ukianza, mwenyewe anashuka na kusukuma, jasho likimtoka. Huko Goma, chukudu ya mbao inafanya kazi hiyohiyo, na tangu 2009 imejengewa sanamu katikati ya mji.

Kazi na mapumziko vinaweza hata hivyo kutumia njia moja. Kusini mwa Ufaransa kuna mfereji uitwao Canal du Midi, wenye urefu wa kilometa 240, kutoka mji wa Toulouse hadi karibu na bahari ya Mediterania. Ulichimbwa kati ya 1666 na 1681, chini ya uongozi wa Pierre-Paul Riquet, ili kusafirisha bidhaa. Kandokando ya maji waliacha njia nyembamba ya farasi waliovuta mashua kwa kamba. Leo farasi hao hawapo tena. Katika sehemu nyingi za njia hiyo wanapita watu wa baiskeli, polepole, chini ya vivuli vya miti. Tangu 1996 mfereji huo umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Waliochimba hawakufikiria watalii. Waliacha nafasi kwa ajili ya kazi, na nafasi hiyo ndiyo iliyowafaa wajukuu wao.

Jambo hili linatugusa sasa. Mwezi wa Juni 2021, marais Félix Tshisekedi na Yoweri Museveni walizindua mradi wa barabara wa kilometa 223: Kasindi–Beni, kilometa 80, Beni–Butembo, 54, na Bunagana–Rutshuru–Goma, 89. Lami ni jambo jema kwa mkulima na mfanyabiashara. Lakini lami pia inaongeza mwendo wa malori na motari. Mwenye kinga iliyojaa ndizi hawezi kukimbia. Kama hakuachiwa ukingo wake, atabaki kuchagua kati ya lori na mtaro.

Ukingo wa mita moja na nusu kila upande ungemlinda yeye, mama anayetoka shambani na kitunga mgongoni, na mtoto anayekwenda masomoni. Wakati wa kuupanga ni kabla ya lami kumwagwa, maana kupanua barabara baadaye ni gharama nyingine tena.

Ukingo peke yake hautoshi. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yamewaandama wakaaji wa Beni, na mwaka 2024 yakafika hadi Lubero. Hali ya dharura ilitangazwa Mei 2021 katika Kivu Kaskazini na Ituri. Watu wengi wamekimbia mashamba yao, na njia nyingi za vijijini hazipitwi ila kwa lazima.

Ndiyo maana kinga ya kujipumzisha si jambo la mchezo. Anayepanda kilima bila haraka, akasimama kuangalia Ruwenzori, ni mtu asiyeogopa kitu nyuma yake. Siku vijana wa Butembo watakapokwenda Beni hivyo siku ya Mungu, na kurudi jioni bila mtu nyumbani kuwa na wasiwasi, tutajua kwamba amani imefika barabarani.