Mbwa Akila Kahawa, Tufanye Nini?

Juma hili tunazungumza juu ya mlinzi wetu wa usiku asiyelipwa mshahara: mbwa.

Huku kwetu Kivu kahawa iko kila mahali. Kalehe na Idjwi inaanikwa uani. Mjini iko jikoni, na machicha yake tunayatupa palepale mbwa anapotafuta chakula. Kafeini iliyo ndani yake inatuondolea sisi usingizi, lakini kwa mbwa ni sumu.

Mbwa wa kilo 10 anaweza kuanza kusumbuka akila gramu 17 hivi za unga wa Arabika, yaani kama vijiko vikubwa vitatu. Gramu 50 zinaweza kumtia degedege. Robusta ina kafeini karibu mara mbili, basi nusu ya kiasi hicho inatosha. Majani ya chai, makasu, vinywaji vya kuongeza nguvu na baadhi ya vidonge vya maumivu vina kafeini pia.

Dalili huanza kati ya nusu saa na saa mbili. Mbwa hatulii, anahema, anatapika, anakojoa mara kwa mara, moyo unapiga mbio. Baadaye anatetemeka, joto linapanda, degedege inamkamata.

Mkimkuta amekula:

1. Ondoeni kilichobaki. Angalieni kiasi kilichopungua na saa aliyokula.

2. Mpigieni veterineri simu mara moja, msingoje dalili. Mwambieni uzito wa mbwa, alichokula, kiasi na saa. Akifikiwa mapema, anaweza kumtapisha kwa dawa inayofaa.

3. Mkimngoja, mwekeni mbwa mahali pa baridi na kimya, maji yawe karibu, watoto wakae mbali. Akiwa na degedege, msimtie mkono mdomoni.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba maziwa na mafuta ya mawese yanaua sumu. Hayaondoi kafeini. Yakimiminwa kwa nguvu, yanaweza kuingia mapafuni. Maji ya chumvi nayo msimpe: chumvi nyingi ni sumu nyingine. Na makaa ya jikoni si dawa.

Kuna jambo kubwa zaidi. Mbwa anayetetemeka na kutokwa mate anafanana na mwenye kichaa cha mbwa. Mmoja atakimbilia fimbo, na mtoto atakimbia kumkumbatia. Yote mawili ni hatari. Kama hakuna aliyeona alichokula, asiguswe na mtu. Fungeni mlango wa ua, mwiteni veterineri. Akimuuma mtu, osheni kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mpelekeni kituo cha afya siku ileile kwa chanjo. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu. Kahawa ikae kwenye kopo lenye kifuniko, juu, mbali na mbwa na watoto wadogo. Machicha yafukiwe shimoni. Siku za kuanika, mbwa afungwe.

Katika mkutano ujao, kila kikundi kiandike namba ya veterineri wa karibu kwenye daftari lake, na kila mama aibandike ukutani kwake. Wakati wa shida si wakati wa kuanza kuitafuta.