Neno "Hasla" na Mvuto wa Mgombea wa Wanyonge

Mgombea anayejinadi kuwa mtetezi wa wanyonge huigawa jamii mafungu mawili: wananchi wa kawaida upande mmoja, na wachache walioshika mali na madaraka upande wa pili. Kisha yeye mwenyewe hujiweka katika fungu la kwanza. Aghalabu kazi hiyo hutendwa na lugha kabla haijatendwa na sera.

Nchini Kenya mtindo huu si mgeni. J. M. Kariuki, Mbunge wa Nyandarua Kaskazini aliyeuawa mwezi Machi 1975, alionya kwamba Kenya isigeuzwe nchi ya mamilionea kumi na maskini milioni kumi. Nguvu ya kauli hiyo imo katika tarakimu: kumi ile ile yarudiwa, na pengo likadhihirika hata kwa asiyejua elimu ya uchumi.

Mfano wa karibu zaidi ni uchaguzi wa Agosti 2022, ambapo William Ruto aliwaita wafuasi wake "mahasla". Asili ya neno hili ni Kiingereza, ambako laweza pia kumaanisha mlaghai. Lakini katika mitaa ya Kenya lilikuwa limekwisha kugeuka, likawa jina la mtu ahangaikaye kutafuta riziki. Mgombea hakulibuni, alilikuta vinywani mwa watu, akalivika heshima. Mama mboga na mwendesha bodaboda, waliozoea kutajwa kama tatizo, sasa walitajwa kama wenye nchi. Wilbaro, alama ya chama chake, na wito wa "Kazi ni kazi" vilikamilisha picha hiyo.

Kinyume cha hasla kilikuwa "dainasti", jina walilobandikwa Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, wana wa Rais wa kwanza na wa Makamu wa Rais wa kwanza. Mgawanyo huo ulifunika jambo moja: msemaji mwenyewe alikuwa tajiri, tena Naibu wa Rais tangu 2013. Kisa chake cha kuuza kuku kando ya barabara utotoni ndicho kilichoziba ufa huo.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba mpiga kura alirogwa kwa maneno. Ugumu wa maisha ulikuwa wa kweli, na neno liliupa jina. Wala si wote waliovutwa: Ruto alipata asilimia 50.49 ya kura, na Odinga 48.85.

Lugha ya namna hii humfunga pia aitumiaye. Mnamo Juni 2024, vijana walioandamana kupinga Mswada wa Fedha walimwita Rais "Zakayo", kwa mfano wa yule mtoza ushuru wa Injili aliyepanda mkuyu, wakamtaka ashuke. Silaha ilikuwa ile ile: jina moja, fupi, lenye picha. Baadhi ya waandamanaji waliuawa, na tarehe 26 Juni Rais akakataa kuutia Mswada sahihi. Wahenga walisema ahadi ni deni. Na anayekopa kwa lugha ya umma hudaiwa kwa lugha hiyo hiyo.