Unga mweusi wa mboji na somo la Durban

Juzi wifi yangu kanipigia simu kutoka Muscat. Kajifungua, hata mwezi haujatimia, na mdomoni kamtoka yale malengelenge yanayomrudia kila akichoka. Mtandaoni kaona unga mweusi wa mboji, muuzaji anaapa unaua virusi vya hapesi. "Wewe si unakaa Durban kwa wataalamu? Ninunue?"

Nikamwambia, habari ya mboji si uongo mtupu. Mwaka 1972 watafiti wa Erfurt, Ujerumani, waliandika kuwa asidi za mboji huzuia virusi maabara. Baadaye wakatengeneza polima za kufanana nazo. Polima hizi zina chaji hasi, kama sukari zilizo juu ya seli zetu ambazo hapesi hushikilia ili iingie. Virusi hunasa kwenye polima, seli ikapona.

Lakini maabara si mwili. Jeli ya PRO 2000, nayo polima yenye chaji hasi, ilizuia VVU na hapesi maabara. Ikajaribiwa kwa wanawake 9,385 wa Afrika Kusini, Tanzania, Uganda na Zambia, Durban na Mwanza zikiwemo. Desemba 2009 jibu likatoka: haikuwakinga na VVU.

Mwaka 2010 kituo cha CAPRISA hapa Durban, chini ya Quarraisha na Salim Abdool Karim, kikatangaza jeli ya tenofovir, dawa inayofanya kazi ndani ya seli. Kwa wanawake 889 wa Durban na Vulindlela, maambukizi ya VVU yalipungua kwa asilimia 39, na hapesi ya sehemu za siri kwa asilimia 51. Hata hiyo, jaribio jengine lililotoa majibu 2015 halikuthibitisha kinga ya VVU.

Basi kama jeli zilizopimwa kwa maelfu ya watu zimekwama, unga usiopimwa kwa mtu tutauamini vipi?

"Sasa nifanye nini?" akauliza. Nikamjibu: muone daktari leo, asikiroviri ipo, haiondoi virusi mwilini, ila ikianzwa mapema hufupisha kidonda. Na mtoto usimbusu mpaka pakauke kabisa, osha mikono kabla ya kumbeba. Hapesi kwa kichanga yaweza kuua.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Na bibi yake je, naye ana kidonda kama changu, na kila asubuhi anambusu?"

Nikamwambia, mpe simu mama nizungumze naye.