WAPANDAO ANGANI NA WASIKILIZAO CHINI



Siku hizi si jambo gumu kwa mtu wa Mngeta kuona watu wakirushwa angani. Aliye na simu yenye kuonyesha picha aweza kuketi barazani kwake, akaitazama roketi ikiondoka Marekani, au Urusi, au China, saa ile ile inapowashwa moto, na watoto wa jirani wakamzunguka. Nami nimeyasikia maneno yasemwayo katika makutano hayo. Mmoja husema, "Huu ni uongo, ni picha tu." Wa pili hujibu, "La, ni kweli, lakini ni kiburi cha Babeli. Wataka kumfikia Mungu." Na mtoto huuliza, "Je, wamefika mbinguni? Wamewaona malaika?" Kisha wote humgeukia mwalimu. Basi yafaa mwalimu awe na jibu, na jibu hilo liwe la kweli. Maana mtoto aliyedanganywa katika mambo ya anga hatatuamini katika mambo ya imani.

Tuanze na swali la mtoto. Lugha yetu hutumia neno mbingu kwa maana mbili: twasema mbingu kwa anga hili lenye mawingu na nyota, tena twasema mbinguni kwa makao ya Baba yetu. Wapandao kwa roketi huenda katika anga, wala si kwingine. Tena wengi wao hawaendi mbali. Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho hakijakosa watu ndani yake tangu tarehe 2 Novemba 2000, kiko juu yetu kwa kilomita 400 hivi, umbali ulio karibu sawa na kutoka kwetu mpaka Dar es Salaam. Huizunguka dunia yote mara 16 hivi kila siku. Nanyi mwaweza kukiona bila chombo chochote, jioni baada ya jua kushuka, au alfajiri kabla halijachomoza, katika siku ambazo njia yake hupita kwetu: ni kama nyota nyeupe yenye kung'aa sana, isiyometameta, inayokwenda kimya juu ya milima ya Udzungwa au juu ya bonde la Kilombero. Pengine huzimika ghafula katikati ya anga, kwa kuwa kimeingia katika kivuli cha dunia. Aliyeiona nyota ile ameona nyumba yenye watu.

Sasa tulitazame neno la Babeli, maana hilo ndilo zito. Ili kulijibu nawaomba mfikiri habari iliyotukia katika nchi yetu wenyewe, ambayo vijana wengi hawajaisikia.

Mtu wa kwanza kuizunguka dunia alikuwa Yuri Gagarin wa Urusi, tarehe 12 Aprili 1961. Safari yake ilikuwa ya dakika 108. Wamarekani nao walikuwa wakijitayarisha, wakaona shida moja. Sauti ya redio ya namna ile hwenda moja kwa moja, bali dunia ni mviringo. Basi msafiri akipita upande wa pili, waliomtuma hawamsikii tena. Ikawalazimu kuweka vituo vya kusikiliza katika njia yake yote, vipatavyo 18, vingine nchi kavu na vingine juu ya meli. Katika Afrika kimoja kiliwekwa Kano, Nigeria, na kimoja Tunguu, katika kisiwa cha Unguja. Mapatano ya kituo cha Zanzibar yalifanywa mwaka 1960 na Uingereza, iliyokuwa ikiilinda Zanzibar siku zile.

Tarehe 20 Februari 1962, saa 11 na dakika 47 jioni kwa saa zetu, John Glenn alirushwa kutoka Florida katika chombo chake Friendship 7. Dakika chache alivuka Bahari ya Atlantiki. Kano wakamsikia, kisha akavuka bara letu, hata Tunguu wakamsikia. Zilikuwa siku za Ramadhani, na Waislamu wa Unguja walikuwa wakingojea jua lishuke wapate kufuturu. Kumbe juu yao alipita mtu mmoja peke yake, naye akaliona jua likishuka juu ya Bahari ya Hindi upesi kuliko mtu awaye yote wa chini. Katika vituo hivyo walikuwapo waganga walioangalia mapigo ya moyo wake kwa mitambo. Kila kituo kilimsikia kwa dakika chache tu, kisha kikamkabidhi kwa kituo cha mbele, kama watu wapokezanavyo mzigo njiani.

Katika mzunguko wake wa pili, alama ilionekana kwamba ngao ya chombo, iliyokuwa imkinge na moto wa kurudi duniani, imelegea. Wakuu wa chini wakashauriana, wakamwagiza asiziachilie roketi ndogo zilizofungwa juu ya ngao ile, ili mikanda yake iishike. Akatii, akarudi salama baharini baada ya kuizunguka dunia mara tatu. Baadaye ilijulikana kwamba ngao ilikuwa imara, na swichi moja ndiyo iliyotoa alama ya uongo. Walakini hakuna aliyesema wakati ule, "Pengine si kitu, tunyamaze." Uhai wa mtu mmoja uliwashughulisha watu wa nchi nyingi.

Wengine watatu walifuata katika vyombo vya namna ile. Wa mwisho alikuwa Gordon Cooper, Mei 1963. Huyu, usiku, alipokuwa juu ya Bahari ya Hindi, alimwomba Mungu kwa sauti, na sala yake ikanaswa katika chombo cha kuhifadhi sauti.

Lakini yatupasa kusema kweli yote. Wako watu wa Zanzibar waliokipinga kituo cha Tunguu, wakihofu kwamba ni kambi ya silaha. Kituo kile kilikuwa cha kusikiliza tu; hata hivyo tusiwacheke wenye hofu. Roketi Atlas iliyomchukua Glenn iliundwa kwanza kuwa silaha ya kubeba mabomu, na ile ya Gagarin vivyo hivyo. Panga lifyekalo shamba la mpunga ndilo liwezalo kumwua jirani. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kituo kilifungwa, na kazi yake ikaendelea Madagaska.

Basi, je, hii ni Babeli? Ndugu zangu, tusome vema sura ya 11 ya kitabu cha Mwanzo. Watu wale walijenga ili wajifanyie jina, na adhabu yao haikuwa mnara kuanguka, bali ni kutokusikilizana. Kwa hiyo alama ya Babeli tusiitafute katika urefu wa kitu. Tuitafute katika jina linalotakwa kwa pupa, na katika masikio yaliyozibwa.

Alama hiyo ilionekana wazi tarehe 28 Januari 1986. Siku ile chombo Challenger kilikuwa tayari kuwachukua watu saba, na mmoja wao alikuwa mwalimu wa shule, Christa McAuliffe, aliyekusudia kuwafundisha watoto kutoka angani. Usiku uliotangulia ulikuwa wa baridi kali. Mafundi waliozijua roketi zake waliwaonya wakuu kwamba pete za mpira zinazoziba maungio hazitashika sawasawa katika baridi ile. Hawakusikilizwa, kwa maana safari ilikuwa imeahirishwa mara nyingi. Chombo kilipasuka baada ya sekunde 73, wote saba wakafa, na watoto wa shule nyingi za Marekani walikuwa wakitazama. Ndugu walimu, haya yatuhusu. Glenn alilindwa na watu waliojali hata alama ya uongo. Wale saba walipotea kwa sababu onyo la kweli halikujaliwa.

Sisi watu wa bonde tunalijua neno hili bila roketi. Mzee akisema mto unajaa, aliyeng'ang'ania kuvuka kwa kuona haya mbele ya wenzake ndiye anayetafutwa kesho yake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu; na tena mkuu asiyesikia la mdogo huwavunja wengine.

Kwa hiyo nawashauri hivi, ninyi wazazi na walimu. Msiwakataze watoto kutazama, wala msiseme ni uchawi. Tazameni pamoja nao, mkawaeleze ya Tunguu, wapate kujua kwamba kazi hii ilipita hata katika nchi yetu. Moto unapowaka, wafundisheni kuwaombea wale waliofungwa mikanda ndani, maana wana mama zao na watoto wao. Wala msiulize kwanza ni wa taifa gani. Kisha waulizeni swali hili: ni nani wasioonekana katika picha, ambao wasiposikiliza vema, hawa watakufa?

Mtoto akilijibu hilo, amejifunza neno la kumfaa nyumbani, shuleni na kanisani. Wachache hupanda juu, na wengi huwekwa chini kusikiliza: mama aliyekesha na mgonjwa, mlinzi wa reli usiku, mwalimu anayemngoja mtoto mzito wa kusema. Kazi yao haipigiwi makofi, walakini Mungu huiona. Naye atujalie masikio yaliyo wazi.