Fundi, chunga unachosafishia alumini

Ukipeleka rejeta iliyotoboka kwa fundi wa kuchomelea, utamwona akiisafisha kwanza kabla ya kuwasha moto. Hafanyi hivyo kwa urembo. Alumini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 660 hivi za Selsiasi, lakini utando mwembamba wa oksidi unaoifunika huhitaji zaidi ya nyuzi 2,000. Utando huo na grisi visipoondolewa, kiungo hakishiki vyema.

Kusafisha, basi, ni lazima. Hatari imo katika kile kinachotumiwa kusafishia.

Baadhi ya mafundi hupulizia dawa ya kusafishia breki kwa sababu huondoa grisi upesi. Baadhi ya dawa hizo zina kemikali za klorini. Zikikutana na joto na miale mikali ya moto wa kuchomelea, huweza kutoa gesi ya fosijini, ile iliyoua askari wengi katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Gesi hii ni laghai. Fundi huweza kukohoa kidogo na kuwashwa macho, kisha akapata nafuu na kwenda nyumbani. Saa kadhaa baadaye, pengine hata baada ya siku mbili, mapafu hujaa maji akashindwa kupumua. Hakuna dawa maalumu ya kuiondoa mwilini. Maziwa wanayokunywa mafundi wengi hayasaidii, kwani huenda tumboni, si mapafuni.

Fundi, fuata hatua hizi:

1. Soma kibandiko cha mkebe. Ukiona neno lenye herufi "chlor", usiitumie dawa hiyo.

2. Ondoa grisi kwa asetoni na kitambaa safi, mbali na cheche, kwani hushika moto haraka. Ngoja ikauke kabisa, kisha weka chupa na kitambaa mbali.

3. Sugua kwa brashi ya waya wa chuma kisichoshika kutu, iliyotengewa alumini pekee.

4. Fanya kazi mahali penye hewa ya kutosha.

Ukishuku umevuta gesi hiyo, ondoka hapo, usifanye kazi nzito, na uende hospitalini mara moja hata kama unajihisi mzima. Mweleze daktari ulichotumia.

Nawe mwenye gari, usimharakishe fundi. Mwache asetoni ikauke.